Kitambaa cha Kompyuta ya Usharika

Uyole, Mbeya
12 Desemba 2024

Mpendwa Lusia,

Kompyuta ya usharika wetu niliiunguza mimi. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, si mama, si mchungaji, na hata kwenye sala sijalitaja kwa jina lake. Nakuandikia wewe kwa sababu uko mbali, huko Iringa kwenye chuo cha ushonaji cha masista ulikokwenda mara tu tulipomaliza shule, na simu yako imefungiwa kabatini mpaka likizo, kwa hiyo huwezi kunipigia nikakosa la kusema. Unajua ninavyokosa la kusema.

Ngoja nieleze tangu mwanzo. Unaikumbuka kompyuta yangu, ile niliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya mtumba kutoka kwa fundi Dastan wa mtaa wa Soweto hapa Mbeya. Prosesa ni nzuri, RAM inatosha, na mwezi wa tisa nilipata kadi ya picha, feni yake inakwaruza kidogo lakini ni nzima. Tatizo lilikuwa pawasaplai. Watu wakinunua kompyuta huuliza RAM, huuliza diski, wengine huuliza kama ina taa za rangi. Hakuna anayeuliza pawasaplai, lile boksi la chuma la nyuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa wengine wote. Mimi nadhani ndiyo ingekuwa ya kwanza kuulizwa. Yangu ilikuwa ya zamani na dhaifu. Nikifungua gemu langu la malori, baada ya dakika kumi kompyuta inazima yenyewe. Nilipoifungua nikaona kepasita mbili, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, zimevimba juu kama maandazi. Fundi Dastan alishanifundisha kwamba kepasita ikivimba hivyo unaitupa, usiionee huruma.

Kompyuta ya usharika ilikuwa na pawasaplai yenye nguvu, ilikuja nayo kutoka kwa wafadhili. Nikajisemea, wao wanachapa barua na matangazo tu, nguvu yote ile ya nini. Jumamosi ya tarehe 30 Novemba, siku moja baada ya mtihani wetu wa mwisho, nilichukua ufunguo wa ofisi, ninao kwa sababu mimi ndiye mchapaji, nikabadilisha. Mbovu yangu nikawawekea wao, nzima yao nikaichukua. Kazi ya dakika ishirini na bisibisi moja. Siku hiyo niliendesha lori kwenye gemu saa mbili nzima bila kuzima, barabara imenyooka, picha haikatiki hata mara moja. Nilifurahi sana, Lusia. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Jumatano iliyofuata umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Ukatoka moshi. Bodi kuu imekufa na diski imekufa. Kwenye diski kulikuwa na majina. Vitabu vya zamani vya ubatizo na maziko vililowa paa lilipovuja, kurasa zikashikana, na kwa likizo mbili Bibi Rozalia alikuwa akizibandua kwa kisu cha mezani na kunisomea, mimi nikichapa. Kurasa nyingi zilichanika zilipobanduka, lakini hatukujali, maana jina likishaingia kwenye kompyuta tulijua limepona. Nilipewa na flashi ya kuhifadhia nakala. Flashi ile niliijaza gemu.

Sasa sikia lililo baya zaidi. Bibi Rozalia ndiye aliyeishonea kompyuta kitambaa. Unavijua vitambaa vyake, vya makochi, vya redio, vya kila kitu. Hiki alikidarizi waridi nyekundu na neno KARIBU, na alikuwa akiifunika kompyuta hata ikiwa inawaka, ili vumbi lisiingie. Mimi nilijua haifai, lakini niliona haya kumwambia mtu mzima. Kwa hiyo moshi ulipotoka, ulitokea chini ya kitambaa.

Jumapili baraza la wazee likaniita. Mzee Eliezeri, mwenyekiti, akasema, "Binti, wewe ndiye fundi wetu. Tuambie kilichoiunguza."

Mama Devotha hakunisubiri. "Si kile kitambaa? Moshi nimeuona mimi ukifuka kwenye yale maua."

"Mwache mtoto aseme," akasema Mzee Eliezeri.

Sijawahi kusema mbele ya watu wazima wengi namna ile. Nikasema kompyuta inapumua kwa feni. Nikasema ikifunikwa, joto linakosa pa kutokea, na joto ni adui wa vifaa. Kila neno nililosema ni kweli, Lusia. Ndiyo maana waliniamini. Bibi Rozalia alikuwa amekaa karibu na mlango. Akasema polepole, "Kumbe nimeiua mwenyewe," halafu akatazama mikono yake.

Usimwambie mtu. Nijibu upesi.

Rafiki yako,
Tusekile


Iringa
20 Desemba 2024

We Fundi,

Barua yako nimeisomea chooni, ndiko mahali pekee ambako Sista Frida hanifuati. Nilicheka kwenye maandazi. Baada ya hapo sikucheka tena.

Miaka minne walimu walikubembeleza ujibu swali darasani, ukawa unainama kama unatafuta shilingi chini ya dawati. Siku ya kwanza unafungua mdomo mbele ya watu, unamchoma bibi kizee. Huo mdomo bora ungeendelea kuufunga.

Nimekutukana, yameisha. Sasa nisikilize. Nenda kwa Bibi Rozalia kabla ya Krismasi. Usianze na wazee, anza na yeye. Hana ukali yule, aliwahi kunishonea sketi ya shule bure. Mwambie: Bibi, si kitambaa. Maneno matatu tu, hata wewe unayaweza. Mengine yatakuja yenyewe.

Na hiyo diski, haiwezi kufufuliwa? Wewe ndiye unayejua hayo. Sisi huku tunajua kufumua tu: ukikosea mshono unafumua, unashona upya.

Wako,
Lusia


Uyole
5 Januari 2025

Mpendwa Lusia,

Sikwenda kabla ya Krismasi. Nilifika mpaka getini kwake. Alikuwa amekaa uani na kile kitambaa mapajani, akichomoa nyuzi za waridi moja moja na kuzizungushia kwenye kipande cha boksi, maana yeye hatupi uzi. Hakuniona. Nikarudi nyumbani.

Jumapili ya tarehe 22, baada ya matangazo, alitoka kwenye benchi la akina mama akaenda mbele. Hakuna aliyemwita. Akapiga magoti, na unajua magoti yake yalivyo, ikabidi ashike meza. Akasema, "Nimeharibu kazi ya usharika kwa ujinga wangu. Naomba radhi." Mchungaji akamwinua. Watu wakaimba. Mimi niliimba pia, Lusia, mdomo ulikuwa unajiendea wenyewe.

Wiki hiyohiyo akina mama wakamvua Bibi uongozi wao, wakamchagua Mama Devotha. Tarehe 28 Kalinga, mwana wa Bibi, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi huko Mgololo, akaja kumchukua. Walisema ni kwa sababu ya uzee. Cherehani ilipakiwa ya mwisho.

Diski niliipeleka Soweto, ikiwa bado ndani ya kompyuta iliyoungua. Fundi Dastan akaiangalia, akasema imekufa kabisa, haizunguki. Halafu akaiinua ile pawasaplai iliyoungua, akaigeuza. "Hii mbona kama naijua?" Nikamwambia zote zinafanana. Akanitazama, akasema, "Sawa." Tangu siku hiyo sijapita tena dukani kwake.

Na baraza limenipa ile kompyuta iliyokufa nitoe vipuri, kama shukrani. Kwa hiyo pawasaplai yao sasa ni yangu kihalali. Kompyuta yangu inafanya kazi vizuri kuliko wakati wowote. Haizimi, haipigi kelele. Nikiiwasha naitazama tu, naizima.

Tusekile


Mgololo
19 Januari 2025

Kamwene mjukuu wangu Tusekile,

Natumaini u mzima, na mama yako pia. Mimi mzima isipokuwa magoti. Hapa ni baridi, na harufu ya kiwanda inaingia mpaka kwenye mablanketi, lakini Kalinga anasema nitazoea. Mkewe Mercy ananitunza, sina la kulalamika.

Nimekaa nikafikiri, nikaona sikukushukuru. Wewe ni mtoto mwenye haya. Najua haikuwa rahisi kusimama mbele ya wazee na kusema kweli juu ya mtu mnayekaa naye meza moja. Wengine wangenificha, na mimi ningeendelea kufunika na kuunguza. Asante sana.

Sasa nina ombi. Usharika utanunua kompyuta nyingine, hata ikichukua muda. Nataka kuishonea kitambaa kingine, safari hii cha kufuma, chenye matundu. Lakini sijui inapumulia wapi. Ni nyuma, au juu, au ubavuni? Ina pua ngapi? Nipe na vipimo, maana sitaki kukosea mara ya pili.

Majina bado nayakumbuka mengine. Nikilala nayasikia vile nilivyokuwa nakusomea.

Bibi yako,
Rozalia


Uyole
29 Januari 2025

Shikamoo Bibi Rozalia,

Barua yako imenifikia. Nyumbani wote wazima, mama anakusalimu.

Kompyuta inavuta hewa ya baridi mbele, kwenye matundu madogo madogo, na inatoa hewa ya moto nyuma kwa feni mbili. Juu haipumui lakini inapata joto. Vipimo nimechukua kwenye ya kwangu, nyingi zinakaribiana. Upana sentimita 18, urefu 36, kwenda nyuma 42. Kama utafuma, acha nyuma wazi kabisa, na mbele usishuke zaidi ya sentimita 10 kutoka juu.

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Nimepata daraja la pili. Fizikia nimepata B.

Nilitaka kukuambia jambo lingine lakini karatasi imejaa.

Mjukuu wako,
Tusekile


Iringa
16 Februari 2025

Tusekile,

Leo sikuiti Fundi. Umeniandikia kwamba Bibi amekushukuru, na wewe ukamtumia sentimita. Kumi na nane, thelathini na sita, arobaini na mbili. Nimezishika mpaka mimi.

Na ati ulimwambia karatasi imejaa. Karatasi zinatengenezwa hukohuko Mgololo, dada, haziwezi kukuishia.

Nitakuambia kitu. Wiki iliyopita mwenzetu mmoja alivunja sindano ya cherehani ya umeme, akanyamaza, akakaripiwa aliyemfuata. Jambo dogo. Lakini yule aliyekaripiwa sasa akikaa kwenye mashine anaikagua sindano mara tatu kabla ya kuanza, na mishono yake imekuwa mibaya kweli. Namtazama, namfikiria Bibi Rozalia.

Mimi nimekufichia miezi miwili. Siwezi kumtazama Sista usoni, na kosa hata si langu. Mpaka Pasaka nisiposikia kwamba umemwambia, nitamwandikia mwenyewe.

Lusia


Mgololo
2 Machi 2025

Kamwene mjukuu wangu,

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Kitambaa nimekifuma kwa uzi mweupe, hakina ua hata moja, maua yanaziba. Nyuma nimeacha wazi kama ulivyosema. Kiweke juu ya kompyuta yako kwanza, uwashe, ukae karibu nayo, uone kama inapata joto. Ikipata joto hata kidogo nirudishie, nitafumua.

Hongera kwa matokeo. Nilimwambia Kalinga, yule mtoto nilijua.

Huku habari zangu zilinitangulia. Mercy ni mtu wa utani. Nikipita karibu na televisheni anasema, "Mama, kaa mbali, hiyo bado tunaihitaji." Kalinga anacheka, nami nacheka. Majirani wakauokota utani huo, sasa wananiita Mama Moto. Mama mmoja alikuwa ameniletea vitambaa vya makochi nimdarizie, akaja kuvichukua kabla sijaanza. Alisema amebadili mawazo. Labda ni kweli amebadili.

Redio ya Kalinga ikikwaruza wanageuka kunitazama. Nimejifunza kukaa jikoni, kule hakuna cha umeme. Usinihurumie. Nakuandikia haya kwa sababu wewe peke yako unaelewa vyombo hivi vilivyo vigumu, na hukunicheka.

Bibi yako,
Rozalia


Uyole
10 Machi 2025

Shikamoo Bibi,

Si kitambaa.

Tarehe 30 Novemba niliingia ofisini kwa ufunguo mlionipa, nikatoa pawasaplai ya kompyuta ya usharika, ndicho kifaa kinachogawa umeme ndani, nikaweka yangu mbovu. Nilijua ni mbovu. Niliitaka ya kwenu ili nicheze gemu. Umeme uliporudi kwa nguvu, ile mbovu ikaungua na kuunguza vingine vyote. Kitambaa chako kilizuia joto kidogo, lakini kompyuta ile ilifanya kazi chini yake miaka miwili bila kuugua. Isingekufa.

Mbele ya baraza nilisema maneno ya kweli kwa kusudi la kudanganya. Uliponishukuru ilibidi nikuambie siku ileile. Karatasi haikuwa imejaa. Na flashi ya kuhifadhia majina niliijaza gemu, ndiyo maana hatuna nakala.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Nakuambia ili ujue mikono yako haijaua kitu. Jumapili ya Matawi, tarehe 13 Aprili, nitatoka mbele baada ya matangazo, nitapiga magoti pale ulipopiga wewe, nitasema yote. Nimeshayaandika ili nisibabaike. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Kitambaa nimekijaribu. Kompyuta haikupata joto.

Tusekile


Mgololo
30 Machi 2025

Tusekile,

Leo sikuiti mjukuu wangu, usinidai.

Barua yako nimeisoma nyuma ya nyumba mara tatu, kisha nikaitia motoni kabla Mercy hajarudi sokoni. Nimekaa na hasira wiki mbili ndipo nikashika kalamu. Ningeandika siku ileile ningekuandikia maneno ambayo mtu wa umri wangu hayaandiki.

Nilikuwa nanusa mikono yangu. Nimeosha vyombo, nimefua, bado nanusa kama ina moshi. Nilikushukuru, ukanijibu kwa vipimo. Hilo limeniuma kuliko kompyuta.

Sasa kuhusu Jumapili ya Matawi. Hutasimama.

Wewe hukuwapo barazani siku ile, kwa hiyo hujui. Wazee walipokataa kumpa ufunguo wa ofisi msichana wa kidato cha pili, mimi ndiye niliyesimama. Mzee Eliezeri aliuliza, "Akituharibia, nani atajibu?" Nikasema, huyu binti namdhamini kwa jina langu. Walinisikiliza kwa sababu katika miaka thelathini sikuwahi kusema jambo pale likawa uongo. Leo wananijua kama bibi asiyejua kompyuta. Hilo nalibeba, kompyuta ni kitu cha juzi, hata wao hawaijui. Ukisimama watanijua kama bibi aliyemdhamini mwizi, na kila nililowahi kulisema watalipima upya, na msichana mwingine akiomba ufunguo wowote watamwonyesha wewe. Magoti yangu nimeshapiga. Sitaki mtu aje kuniinua kwa kuniangusha pengine.

Uliponitwisha hukuniuliza. Sasa unataka kunitua, na bado huniulizi. Mzigo umeshakuwa wangu, mimi ndiye wa kusema.

Utafanya mambo mawili. Hiyo kompyuta yako utaipeleka kanisani, yote, na kile kifaa chao ndani yake. Halafu utayarudia majina. Vitabu havisomeki tena, kwa hiyo utakwenda nyumba kwa nyumba, utauliza nani alibatizwa lini, nani alizikwa lini. Wewe mwenye haya, utabisha hodi. Wakinisema, usinitetee hata kwa neno moja, maana watauliza umejuaje.

Ukifikisha mwisho niandikie. Kabla ya hapo usiniandikie.

Rozalia


Uyole
4 Mei 2025

Mpendwa Lusia,

Nimemwambia. Nilimwambia mwezi wa tatu, na jibu lake lilikuja kabla ya Jumapili ya Matawi. Nimelinakili kwenye karatasi ya pili, ulisome kabla hujaendelea na yangu.

Sikusimama. Jumapili ile nilikaa na karatasi yangu ndani ya kitabu cha nyimbo mpaka ibada ikaisha.

Kompyuta nimeipeleka. Nilifuta gemu, nikasafisha feni, nikafunga na ile kadi ya picha humohumo kwa sababu alisema yote. Mchungaji alinitaja mbele ya watu. Alisema vijana wa siku hizi hukumbatia vitu vyao, lakini huyu binti ametoa alichokiunga kwa mikono yake. Watu walipiga makofi, mama akalia kwa furaha. Sikujua niweke uso wapi. Kitambaa cha kufuma nilikwenda nacho pia, lakini Mama Devotha alikirudisha mkononi mwangu kabla sijakikunjua. "Vitambaa tumeshajifunza," akasema. Kipo kwenye sanduku langu.

Sasa natembea. Nabisha hodi, nasimama mlangoni na daftari, sauti haitoki, wananiambia, "Sema kwa nguvu, binti, hatuumi." Wananipa kiti. Wananiletea chai ya maziwa na viazi. Halafu wanaanza kutaja, na karibu kila nyumba, kabla sijafunga daftari, mtu anasema pole kwa kazi, yule bibi alituponza sote. Mama mmoja alisema, "Uzee na ushamba vikikutana." Wote wakacheka. Mimi nilikuwa naandika tarehe, nikaendelea kuandika.

Jumanne nilifika kwa Mzee Eliezeri. Nilimwacha makusudi mpaka nikaona aibu kuendelea kumruka. Alinitajia wazazi wake, ndugu zake, watoto wake. Halafu akasema kuna wawili wengine, mapacha, walizikwa mwaka 1987 wakiwa na siku tisa. Hawana picha wala kaburi linaloonekana, barabara ilipanuliwa. Mahali pekee palipokuwa na majina yao ni kile kitabu. Alikuwa amefurahi sana tulipoyaingiza kwenye kompyuta, alikuwa akija ofisini na kuniomba nimfungulie ayaone, mimi nilidhani anapenda kompyuta. Akanitajia, nikaandika. Akaomba aone nilivyoandika, akaligusa daftari kwa kidole.

Halafu akasema, "Nilidhani nimewaweka mahali salama. Akaja yule mama na maua yake." Hakusema kwa chuki. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Sijaweza kumsamehe, binti. Naomba kila siku, sijaweza."

Nilifungua mdomo, Lusia. Nilikuwa na maneno kamili. Nikakumbuka mtu mmoja aliyewahi kusimama mbele ya mzee huyuhuyu na kusema namdhamini. Nikafunga mdomo. Nikamwambia asante kwa chai.

Bado napenda vifaa. Nilidhani ningevichukia. Malori yakipita hapa barabarani kwenda Tunduma bado natambua la mtumba kwa mlio wake, na kwenye simu ya mama bado nasoma habari za prosesa mpya ambazo sitazigusa. Hilo nalo sijui niliweke wapi. Nimefika nyumba ya thelathini na nne. Zimebaki zaidi ya mia moja.

Uliniambia mpaka Pasaka usiposikia utaandika mwenyewe. Pasaka imepita na umesikia. Najua utakapomaliza kusoma utasema hii si haki, kwamba Bibi amekosea, kwamba Mzee Eliezeri anastahili kujua anamchukia nani. Nimeyasema yote hayo mimi mwenyewe nikitembea. Lakini jina ni la Bibi, na ameniambia analitaka liweje. Kwa hiyo nakuomba usimwandikie mchungaji. Usimwandikie Bibi kumbembeleza. Usimwambie Sista Frida, hata akikuuliza kwa upole. Barua zangu zichome zote, na hii pia. Na siku tutakapogombana, maana hakuna marafiki wasiogombana, ukitafuta neno la kuniumiza, tafuta jingine. Hili usimwambie mtu.

Tusekile